Maswali ya wasomaji: Antena ndogo ya kuchapwa kwa bendi pana mno

Barua nne za toleo hili zinahusu antena zinazochapwa kwenye bodi ya saketi kwa ajili ya mawasiliano ya bendi pana mno, ambayo mafundi huiita UWB. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa nyingine zote zinaiegemea.

Mwalimu, shikamoo. Ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mawasiliano, niko Mbeya. Mradi wangu ni antena ya kuchapwa itakayofanya kazi kuanzia gigahezi 3.1 hadi 10.6, na msimamizi wangu anataka isizidi milimita 30 kwa 30. Nilianza na kiraka cha shaba cha mstatili kwenye bodi ya FR4 (ile ya kawaida ya nyuzi za kioo na epoksi) yenye unene wa milimita 1.6, upande wa nyuma nikaacha shaba yote. Uigaji wa kompyuta unaonyesha antena inapokea nguvu kwenye ncha moja nyembamba tu. Nimebadili ukubwa wa kiraka, nimekata pembe zake, na ncha bado ni nyembamba. Nimekosea wapi?

Marahaba. Kosa haliko kwenye hesabu zako. Umbo ulilolichagua ndilo lisiloiweza kazi uliyolitwika. Kiraka kilichotandazwa juu ya shaba kamili hufungia nishati katikati ya shaba mbili, mithili ya hewa ndani ya chupa inayopulizwa mdomoni: chupa moja hutoa mlio mmoja, na mwenye kutaka mlio mwingine hutafuta chupa nyingine. Kwenye bodi ya unene huo, upana wa bendi wa kiraka ni asilimia chache tu ya masafa yake ya kati. Wewe unahitaji gigahezi 7.5 kuzunguka masafa ya kati ya gigahezi 6.85, yaani asilimia 109. Kukata pembe hakuzibi tofauti ya namna hiyo.

Mipaka uliyopewa ilitangazwa na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwezi Februari 2002, nayo ilikuja na sharti ambalo mbunifu wa antena hapaswi kulisahau: nguvu inayorushwa isizidi desibeli 41.3 chini ya miliwati moja kwa kila megahezi. Hata ukiijaza bendi nzima hadi ukomo huo, jumla yake inazidi nusu miliwati kwa kiasi kidogo tu. Mwenye redio ya kawaida, antena yake ikiwa dhaifu, anaweza kuongeza nguvu ya kurushia. Kwako mlango huo umefungwa, na kinachopotea ndani ya antena hakifidiwi.

Sasa tuje kwenye tiba. Ondoa shaba yote ya nyuma iliyo chini ya kiraka, uiache chini ya njia ya mlisho (ule ukanda wa shaba unaoleta nguvu kwenye antena) peke yake. Hapo kiraka huacha kuwa chupa kikawa monopoli, yaani antena ya mkono mmoja, na ukikifanya kiwe kisahani cha mviringo badala ya mstatili, mambo hubadilika sana. Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni ule uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Queen Mary, University of London: kisahani chenye nusukipenyo cha milimita 10, juu ya bodi ya FR4 ya milimita 42 kwa 50, kikitenganishwa na ukingo wa bati la ardhi, yaani ile shaba iliyoachwa nyuma, kwa mwanya wa milimita 0.3 tu. Antena hiyo rahisi, isiyo na madoido yoyote, ilishika karibu bendi yote.

Siri yake iko kwenye ule mwanya. Ukingo wa kisahani unapinda ilhali ukingo wa juu wa bati la ardhi umenyooka, kwa hiyo nafasi kati yao huanza na sehemu ya milimita pale katikati, kisha hufunguka taratibu kuelekea pembeni kama mdomo wa tarumbeta. Kwenye masafa ya chini kisahani hulia kama monopoli yoyote. Masafa yanapopanda, milio yake ya juu hujitokeza karibu karibu kiasi kwamba mmoja haujaisha mwingine umeshaanza, na wimbi huteleza kwenye mwanya huo likijiachia hewani polepole badala ya kugonga ukuta na kurudi. Ukiangalia picha ya mkondo wa umeme kwenye programu yako utaona katikati ya kisahani hapana kitu cha maana: mkondo unakimbia kwenye ukingo wake, na vilevile kwenye ukingo wa juu wa bati la ardhi. Wanafunzi wengi huchora kisahani kwa makini, kisha hulitupia bati la ardhi mwishoni kama kipande cha kujazia nafasi. Bati hilo ni nusu ya antena. Ukilipunguza upana bila kufikiri, umeibadili antena sawasawa na kama ungekikata kisahani chenyewe.

Kuhusu ukubwa, ipo kanuni ya makadirio ambayo hukaribia ukweli. Jumlisha kwa sentimita kimo cha kisahani, robo ya nusukipenyo chake na mwanya wa mlisho. Zidisha jumla hiyo kwa 1.15 kwa ajili ya bodi ya FR4 ya unene wako. Kisha gawanya 7.2 kwa ulichopata, nawe utapata mpaka wa chini wa bendi kwa gigahezi. Kisahani cha London kinatoa gigahezi 2.75 hivi, maana yake kina nafasi ya ziada. Nusukipenyo cha milimita 9 kinatoa 3.05, nacho kinakutosha.

Lakini weka hicho kisahani ndani ya milimita 30 uone. Kipenyo kimechukua 18, mwanya 0.3, na bati la ardhi limebakiwa na urefu usiofika 12, hali robo ya wimbi la gigahezi 3.1 hewani ni milimita 24. Kanuni niliyokupa inachukulia kwamba ardhi inatosha, na hapa haitoshi. Mpaka wa chini utapanda au mlisho utakataa kuoana na omu 50 za kebo kwenye gigahezi tatu na kidogo. Mimi ningeanza kwa kupunguza ule mfano wa London kwa sehemu moja ya kumi, yaani bodi ya milimita 38 kwa 45, nihakikishe inafanya kazi, ndipo nianze kupunguza milimita moja moja huku nikitazama mchoro. Sehemu ya kukata kwanza ni pengo dogo la mstatili kwenye ukingo wa juu wa bati la ardhi, nyuma kabisa ya njia ya mlisho, kwa sababu linarekebisha ulinganifu bila kuongeza hata milimita. Wako wanaopasua antena nzima kwenye mstari wake wa ulinganifu na kubaki na nusu yake: kwa kuwa mkondo wa kushoto na wa kulia ni picha moja kwenye kioo, nusu inaendelea kufanya kazi, ila impidansi (ukinzani wake kwa mkondo wa masafa hayo) hupanda na mwelekeo wa wimbi huharibika. Kama msimamizi ameshikilia 30 kwa 30, njia hiyo ni halali, lakini andika kwenye ripoti yako ulicholipia.

Jambo moja la mkono. Kama unachapa kwa karatasi na pasi na kutafuna shaba kwenye beseni, mwanya wa milimita 0.3 utakuchezea, na ubaya zaidi ni kwamba kisahani kiko mbele na ardhi iko nyuma, hivyo karatasi ya pili ikisogea kidogo tu mwanya umeshakuwa mwingine. Chagua mlisho ambao ardhi mbili ziko upande uleule wa mbele, kushoto na kulia kwa njia ya mlisho. Utachapa upande mmoja na hakuna cha kuoanisha.

Habari za kazi, mhandisi. Nimetengeneza antena ya kisahani hapa Mombasa na kuipima kwa NanoVNA yangu, kile kipimo kidogo cha antena, inayofika gigahezi 3. Kila nikishika kebo, mchoro unacheza. Nimebadilisha kebo mbili, hali ni ileile. Halafu nitapimaje masafa ya juu ya hapo?

Kebo zako ni nzima. Bati la ardhi likiwa dogo kuliko wimbi linavyohitaji, mkondo hautosheki na bati. Hushuka kwenye kiunganishi ukatembea juu ya ganda la nje la kebo, na kebo nayo ikarusha. Mkono wako unapoligusa ganda hilo unaigusa antena. Niliwahi kupoteza karibu wiki nzima nikilaumu ulehemu wangu kabla sijalitambua hilo.

Tatizo hili hukaa zaidi kwenye masafa ya chini ya bendi, na ndiyo maana umeliona hapo ulipo. Rudi kwenye uigaji, ongeza kiunganishi na sentimita kadhaa za kebo, uone kama mchoro unakaribia ulichopima. Ukikaribia, umempata mwizi. Kisha jaribu kuukusanya mkondo kwenye ukingo wa juu wa ardhi kwa kukata mipasuo pembeni mwa bati, ili ufike chini ukiwa umedhoofika. Kama antena itaungana na bodi kubwa ya kifaa, iige kwenye kompyuta pamoja na bodi hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokuwa ardhi yake halisi.

Kwa gigahezi zilizobaki huna ujanja mwingine ila kupata kipimo kinachofika huko. Omba saa mbili katika maabara ya chuo chochote chenye kifaa hicho. Ukifika usiridhike na mchoro wa mwakisiko. Mchoro huo unakueleza nguvu ambayo haikurudi, haukuelezi ilikokwenda. Rezista ya omu 50 ina mchoro mzuri kuliko antena yoyote niliyowahi kuiona, nayo hairushi kitu. Bodi ya FR4 hula sehemu ya nguvu, hasa juu ya gigahezi 8, na ulaji huo huupendezesha mwakisiko. Beba antena mbili zinazofanana, zitazamanishe kwa umbali wa nusu mita, upime kinachopita kutoka moja hadi nyingine pamoja na muda wa kuchelewa kwake katika bendi nzima. Masafa yakichelewa kwa viwango tofauti, mpwito mfupi wa nguvu unaorushwa utatoka umenyooshwa.

Mwalimu wangu, niko Nairobi. Antena yangu imekubali bendi yote, lakini Wi-Fi ya gigahezi 5 inaingia na kuvuruga kipokezi. Nifanyeje bila kuongeza saketi ya kuchuja?

Kata mpasuo wenye umbo la herufi U ndani ya kisahani, karibu na mlisho. Urefu wake wote, mikono miwili na kitako, uwe nusu ya wimbi linavyosafiri kwenye bodi. Kwa FR4 chukua wastani wa namba ya dielektriki ya hewa na ya bodi, yaani 2.7, ugawanye nusu ya wimbi la hewani kwa kipeuo chake cha pili, na kwa gigahezi 5.5 utapata milimita 16.6. Kwenye masafa hayo mkondo hujizungusha kando ya mpasuo na kujifuta, antena ikakataa nguvu. Kwingineko mpasuo haujulikani kama upo. Anza na upana wa milimita 0.5. Ukifupisha mpasuo, shimo hilo la masafa yanayokataliwa hupanda juu. Ukiuongeza upana, shimo hutanuka, na kutoka gigahezi 5.15 hadi 5.825 kunahitaji utanuzi kiasi. Usitarajie ukuta: sehemu ya Wi-Fi itapita bado.

Ndugu mhariri, tunatengeneza vitambulisho vya kufuatilia mizigo ndani ya ghala hapa Dar es Salaam. Je, tunahitaji antena ya bendi yote hiyo?

Hamuhitaji. Vipokezi vya kupima umbali vinavyouzwa leo hutumia zaidi chaneli ya 5, yenye kitovu cha megahezi 6489.6, na ya 9, yenye kitovu cha megahezi 7987.2, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 499.2. Antena inayotoka gigahezi 6.2 hadi 8.3 inazibeba zote mbili. Kwa kanuni niliyompa mwanafunzi wa Mbeya, kisahani cha nusukipenyo cha milimita 4.5 kinaanzia gigahezi 6, nusu ya kile chake.

Yanayowahusu ninyi ni mengine. Antena hii haina shaba nyuma, kwa hiyo ikibandikwa kwenye pipa au kontena la chuma inakufa. Iachieni nafasi, au mchague umbo lenye ardhi kamili mkubali bendi nyembamba zaidi, ambayo kwa chaneli moja inawezekana. Tena, nanosekunde moja ni sentimita 30 za safari, na ucheleweshaji wa antena yenyewe huingia kwenye hesabu ya umbali. Wekeni kitambulisho kwenye umbali mlioupima kwa futi ya mkononi, mkizungushe hatua kwa hatua hadi kimalize mduara, mwandike umbali unaosomeka kila kinapogeuka. Usomaji ukibadilika kwa pembe, tofauti hiyo ni ya antena na haitafutika kwa programu ya kurekebisha namba moja tu. Kabla ya kuviuza, vipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa uidhinishaji wa aina ya kifaa.