Nafasi ya Tovuti Ndogo: Nitazame Nini Kabla ya Kulipa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala na ninajifunza kutengeneza tovuti ya kurasa 5 yenye picha zipatazo 20 za samani ninazounda. Kampuni moja inapangisha nafasi “isiyo na kikomo” kwa bei ndogo sana ya mwaka wa kwanza, pamoja na jina la tovuti bila malipo. Nyingine inatoa GB 1 tu kwa bei iliyo juu kidogo, ila haibadiliki mwaka hadi mwaka. Je, nichukue ile kubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hesabu ambayo wauzaji hawapendi uifanye. Picha iliyopunguzwa vizuri kwa ajili ya tovuti haina haja ya kuzidi KB 300, hivyo picha zako zote 20 ni kama MB 6, na maandishi ya kurasa 5 hayafikishi hata MB 1. Katika ile GB 1 unayoiona ndogo, utatumia chini ya asilimia 1. Hayo maneno “isiyo na kikomo” nayo yasikubabaishe, kwani seva moja, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuzifikisha kwa wasomaji, huwa na wapangaji wengi wanaogawana kumbukumbu na kichakataji kilekile, na ukisoma masharti ya matumizi, mara nyingi utakuta kikomo kimewekwa kwenye idadi ya faili au kwenye nguvu ya mashine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni bei. Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo. Unayopaswa kuiuliza ni ya mwaka wa pili, kisha ujumlishe gharama ya miaka 3 kwa kila kampuni ndipo ulinganishe. Wengi hugundua tofauti hiyo siku ankara inapofika, wakati tovuti imeshazoeleka na wateja na kuhama kunaonekana mzigo.

Kuhama huwa kugumu hasa pale jina la tovuti linapokuwa mikononi mwa yuleyule aliyekupangisha seva. Jina na seva ni vitu viwili tofauti, na unaweza kununua kila kimoja mahali pake. Jina la bure si baya, mradi lisajiliwe kwako kwa anwani yako ya barua pepe, na ujue namna ya kupata msimbo wa kulihamishia kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina. Majina yanayoishia na .com kwa kawaida hayahamishiki katika siku 60 za mwanzo tangu kusajiliwa, kwa hiyo ukikosea leo hutaweza kujisahihisha kesho.

Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https, kiwe ndani ya bei. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure tangu mwaka 2015, na sioni sababu ya fundi mwenye kurasa 5 kutozwa pesa kwa hilo.

Ikiwa utatumia WordPress, programu ya kutengenezea na kusimamia tovuti, hakikisha seva ina PHP, lugha ya programu inayoiendesha, na hifadhidata ya MySQL au MariaDB ya kutunzia maandishi yake. Ikiwa kurasa zako ni faili za HTML tu, yaani lugha ambayo kivinjari huisoma moja kwa moja, huhitaji vyote hivyo. Zipo hata huduma za bure za kurasa za namna hiyo, kama GitHub Pages, ila masharti yake hayaruhusu kuitumia kuendeshea biashara ya mtandaoni, na wewe unatafuta wateja.

Kwa maelezo uliyonipa, ningechukua kampuni ya pili. Kabla ya kulipa, iandikie na kuiuliza ni mara ngapi hutengeneza nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya tovuti yako, na kama kuirejesha nakala hiyo kunatozwa pesa. Wakichelewa kukujibu sasa wakati bado wanakutafuta, pima utasubiri kiasi gani tovuti ikizimika. Hata wakijibu vizuri, weka nakala yako mwenyewe ya faili zote kwenye kompyuta yako.