Usiulize "Hapa Panaitwaje?"

Mara ya kwanza kukusanya majina ya mahali kwa ajili ya ramani, nje kidogo ya Korogwe, nilianzia ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alinitajia vitongoji vyote, nikaaga nimeridhika. Jioni nilipovipanga kwenye ramani nikapata majina 7 na uwazi mkubwa katikati.

Kesho yake nikafuatana na bibi mmoja anayekwenda kuni. "Bibi, hapa panaitwaje?" Akataja kitongoji, vilevile kama mwenyekiti. Nikageuza swali: "Ukiaga nyumbani, unasema unakwenda wapi?" Hapo akafunguka. Hadi saa nne nilikuwa na majina 19: vijito, mabonde, mpaka jiwe la kupumzikia. Mbele ya mkonge uliomezwa na pori akanyoosha kidevu kuelekea safu ya miembe. "Pale ni Kambi ya Wabena, mjukuu wangu." Nyumba hakuna hata moja. Manamba walioletwa kukata mkonge walikaa pale, wakaondoka, miembe ikabaki.

Kwenye karatasi ya ramani ya 1:50,000, ambayo sentimeta 1 ni nusu kilomita, shamba lote lile lina maneno mawili tu ya Kiingereza. Siwalaumu waliochora. Karatasi nyingi za aina hiyo zilitokana na picha za ndege na zikachorwa Uingereza, na picha ya ndege haitaji jina la mtu wala la kijito. Lakini itafute karatasi hiyo, hasa ya kabla ya 1974, watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba zilizochorwa humo leo ni vichaka. Mpe mzee aishike, umsomee mito kwanza ajue yuko wapi, kisha uliza hapa alikaa nani. Andaa muda, na chai.

Rekodi sauti kwenye simu. Sikio la mgeni hudanganya. Wasambaa wenyewe nchi yao huiita Shambaai, ramani zimetuzoesha Usambara. Ukiingia Kilindi, kwa Wazigua na Wanguu, Kwediboma na Kwekivu ni "Kwe", usijitie kusahihisha uandike "Kwa". (Nilifanya hivyo, nikachekwa na watoto wa shule.)

Sasa hili la mashamba. Kuna bonde nililoambiwa linaitwa kwa jina la mtu, "Kwa Fulani". Nikaanza kuandika. Mzee mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, ukiandika hivyo umeshampa shamba." Kumbe koo mbili zilikuwa zikiligombea barazani. Tangu siku hiyo kila jina naliandikia nani kasema, alisimama wapi akilisema, na kama kuna anayelipinga. Lile la bonde sijalitia kwenye ramani hadi leo. Liko kwenye daftari, kwa penseli, na lile la koo ya pili kando yake.