Mchoro wa bei ya hisa ya mrabaha usomwe vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni karani mstaafu wa bandari na ninafuatilia hisa moja ya mrabaha wa mafuta katika soko la New York. Wiki hii wastani wa bei wa siku 50 umevuka juu ya wastani wa siku 200, na kijana wangu anasema hiyo ni ishara ya kununua. Jirani yangu naye anasema kipimo cha RSI, kinachopima kasi ya kupanda kwa bei toka 0 hadi 100, kimefika 74, na hapo watu huuza. Nimfuate nani? Na je, ni lazima nikeshe nikilitazama soko?
Msomaji, Changamwe, Mombasa

JIBU: Waalaikumu salaam, mzee wetu. Wote wawili wameisoma mistari sawasawa, ila wameisoma kana kwamba ni ya benki au ya kiwanda cha saruji. Amana ya mrabaha, yaani mfuko ambao hisa yako ni kipande chake, haichimbi mafuta wala haiyasafishi. Imekaa kama mwenye shamba la minazi anayepewa fungu lake katika kila nazi iangushwayo bila yeye kumlipa mkwezi. Kwa hivyo bei ya vipande vyake hufuata zaidi bei ya mafuta na gesi, pamoja na kalenda ya magawio.

Magawio ndiyo yanayovuruga mchoro. Amana kama Sabine hulipa kila mwezi, na siku kipande kinapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa kadiri ya gawio hilo. Chukulia kipande cha dola 20 kinacholipa senti 15 kwa mwezi: mchoro usiorekebishwa kwa ajili ya magawio utaonyesha kwa mwaka upungufu wa dola 1.80, yaani asilimia 9, ilhali fedha hizo zimo mfukoni mwa mwenye kipande. Siku 200 za biashara ni kama miezi tisa na nusu, kwa hivyo wastani huo umebeba mashuko tisa hivi ya namna hiyo, na mistari miwili huweza kukutana siku tofauti kabisa na ile ya mchoro uliorekebishwa. Kijana abadilishe kwanza mpangilio wa programu yake ya michoro ili bei zirekebishwe kwa magawio, kisha atazame kama uvukaji huo bado upo.

Ama RSI, aliyoitoa J. Welles Wilder mwaka 1978, 74 maana yake ni kwamba, katika hesabu ya kawaida ya siku 14, wastani wa kupanda umekaribia mara tatu ya wastani wa kushuka, basi. Mafuta yakipanda mfululizo, kipimo huweza kukaa juu ya 70 kwa wiki kadhaa. Weka mchoro wa mafuta ghafi ya Marekani kando ya huu wako: ikiwa mafuta yamelala na kipande kinapanda peke yake, hapo jirani ana hoja.

Hakuna aliyetaja wingi wa biashara, yaani idadi ya vipande vinavyouzwa na kununuliwa, nami naona ndio ulio muhimu kuliko yote mawili. Sabine ina vipande takriban milioni 14.6 tu, na katika soko jembamba hivyo maagizo machache makubwa yanatosha kuivusha mistari. Uvukaji usioandamana na ongezeko la mauzo nisingeununulia hata kipande kimoja.

Yako pia mambo yasiyoonekana katika mistari. Kwa amana nyingine gharama hukatwa kabla ya mgao, na ndivyo San Juan Basin ilivyosimamisha magawio mwaka 2024. Ile ya BP Prudhoe Bay ilifikia ukomo wake mwaka huohuo. Mchoro unaoteremka miaka mitano huenda si bei rahisi bali ni kisima kinachokauka. Kumbuka vilevile kwamba Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni asiye na mkataba wa kodi, na Kenya haina mkataba huo.

Kukesha hakuna haja. Soko hilo hufungwa saa tano usiku kwa saa zetu, au saa sita miezi ya baridi ya huko, na wastani na RSI ya siku huhesabiwa kwa bei ya kufungia. Soma asubuhi, kisha uweke agizo lenye kikomo cha bei kabla soko halijafunguliwa alasiri.