Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Walichora Gizani?

Barua kuhusu mapango zimetufikia nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa dhana ambayo wengi wetu tulikua nayo tangu shuleni.

Swali: Tulifundishwa kwamba binadamu wa kale alikuwa mtu wa mapangoni na kwamba alipamba kuta za makao yake kwa michoro ya wanyama. Sasa nasoma kwamba michoro mingi imo ndani kabisa, mahali pasipofika mwanga. Nani huchora mahali asipoona?
*Mwalimu wa sekondari*

Ndugu Mwalimu, dhana ya mtu wa mapangoni imetokana zaidi na mahali masalia yalikopatikana kuliko mahali watu walikoishi. Aliyelala uwandani chini ya kibanda cha ngozi na matawi hakuacha alama, kwa kuwa jua, mvua na mchwa vilimaliza kila kitu katika muda mfupi. Lakini aliyewasha moto mlangoni mwa pango aliacha majivu, mifupa na vipande vya mawe ya kuchongea, na udongo ukavifunika na kuvihifadhi kwa maelfu ya miaka. Tukihesabu kilichosalia peke yake, itaonekana kana kwamba wanadamu wote walikaa pangoni. Na hata waliokaa humo, kwa kawaida walikaa mlangoni, penye mwanga na penye njia ya moshi kutokea.

Michoro ni habari nyingine. Katika pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, lililogunduliwa tarehe 18 Desemba 1994, wamo simba, vifaru na farasi waliochorwa kwa makaa, na michoro ya zamani zaidi inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 36,000 hivi. Sakafu yake imetapakaa mifupa ya dubu wa mapangoni, ilhali dalili za watu kufanya makazi humo ni haba mno. Mahali pengine mchoraji alianza kwa kuparuza ukuta ili upate weupe, ndipo akapitisha makaa na kuyasugua kwa kidole mpaka shavu la farasi likapata kivuli. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kubahatisha gizani. Alikuwa na mwanga, nasi tunajua ulitoka wapi: huko Lascaux, pango jingine la Ufaransa, ilipatikana taa iliyochongwa kutoka jiwe jekundu la mchanga, yenye kikombe kidogo cha mafuta ya mnyama na mkono wa kushikia. Mwanga wa taa kama hiyo ni mdogo na haukai mahali pamoja. Ukutani penye uvimbe, kama kwenye dari la Altamira nchini Hispania ambako baisani, yaani nyati wa Ulaya mwenye nundu, wamechorwa juu ya vivimbe vya mwamba wenyewe, mnyama huonekana akipumua kila mwali unapotikisika.

Kwa nini waliingia huko? Maelezo ya zamani yalisema ni uganga wa mawindo: mchore mnyama ili umpate. Maelezo hayo yana tatizo, kwa sababu mifupa ya chakula iliyopatikana Lascaux ni kwa wingi ya kulungu wa nchi za baridi, naye ni nadra kabisa kuonekana ukutani, ambako farasi na ng'ombe-mwitu ndio waliotawala. Walichokula sicho walichokichora. Mtafiti Iegor Reznikoff, aliyepima mwangwi katika mapango kadhaa ya Ufaransa, aliona kwamba sehemu zenye michoro mara nyingi ni zile ambazo sauti huitika vizuri zaidi. Wazo hilo linanivutia kuliko uganga wa mawindo, ingawa haliwezi kueleza kila ukuta. Jambo ninaloliona kuwa thabiti ni hili: walipita kuta nyingi nzuri zilizo karibu na mlango, wakachagua za ndani, hivyo giza lilikuwa sehemu ya walichokitaka.

Wala isidhaniwe kwamba habari hii ni ya Ulaya peke yake. Katika pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi nchini Indonesia, mchoro wa nguruwe-mwitu na viumbe wenye umbo la watu una umri usiopungua miaka 51,200, kwa mujibu wa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2024. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kipo kipande cha jiwe chenye mistari iliyochorwa kwa udongo mwekundu miaka 73,000 hivi iliyopita. Wataalamu wa karne ya 19 wasingeliamini hata robo ya hayo. Marcelino Sanz de Sautuola alipotangaza michoro ya Altamira, ambayo binti yake mdogo ndiye aliyeiona kwanza mwaka 1879, alishukiwa kuwa ni mghushi. Mpinzani wake mkubwa, Émile Cartailhac, alikiri hadharani mwaka 1902 kwamba yeye ndiye aliyekosea, lakini Sautuola alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1888.

Swali: Pango hutokeaje, na kwa nini waongozaji hutukataza kugusa mawe yanayoning'inia?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu*

Mapango mengi makubwa yamo katika mawe ya chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na nyingi zaidi kutoka udongoni, yakawa asidi hafifu inayopenya kwenye nyufa na kuyeyusha mwamba kidogo kidogo. Kazi hiyo ikiendelea kwa mamia ya maelfu ya miaka, ufa huwa njia, na njia huwa ukumbi. Ndivyo lilivyotokea pango la Mammoth nchini Marekani, ambalo zaidi ya kilomita 680 za njia zake zimekwisha kupimwa. Yapo pia mapango ya volkeno, yanayotokea pale uso wa mto wa lava unapoganda huku lava ya ndani ikiendelea kutiririka hadi mfereji ukabaki mtupu. Hayo hukamilika kwa muda mfupi sana.

Mawe yanayoning'inia ni kazi hiyohiyo ikirudi kinyumenyume. Tone likifika ndani ya pango hupoteza hewa ya ukaa, chokaa iliyokuwa imeyeyuka hushindwa kubaki majini, na utando mwembamba huganda. Kwa wastani jiwe hilo hurefuka kama sentimita 10 kwa miaka 1,000, na mafuta ya kiganja chako yanatosha kuzuia chokaa isishike tena mahali hapo. Hiyo ndiyo sababu ya katazo. Tena utando huo hubeba chembe za urani ambazo huoza kwa kasi inayojulikana, hivyo ukiganda juu ya mchoro hutuambia mchoro huo ni wa lini angalau. Umri wa nguruwe wa Sulawesi ulipatikana kwa njia hiyo.

Swali: Kwa nini pango hujirudia katika falsafa na katika masimulizi ya dini? Je, mlima au bahari visingetosha?
*Msomaji wa miaka mingi*

Mlima na bahari vimo pia, lakini pango lina jambo moja ambalo hivyo havina: humkatia mtu mwanga, sauti na majira kwa pamoja. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake Jamhuri aliwaweka wafungwa pangoni tangu utotoni, wakitazama vivuli vya ukutani na kuvidhania kuwa ndivyo vitu vyenyewe. Hoja yake ilihitaji mahali ambapo mtu hana kingine cha kulinganisha na anachokiona. Mtume Muhammad alijitenga katika pango la Hira, na wahyi wa kwanza ukamfikia huko. Watu wa Pangoni, wanaosimuliwa katika Sura ya Al-Kahf, na ambao Wakristo huwajua kama Walalaji Saba wa Efeso, waliamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu yake.

Simulizi hilo la mwisho lina ushahidi wa ajabu wa kisayansi, si kwa upande wa muujiza bali kwa upande wa akili kupoteza hesabu ya wakati. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre aliingia pango la Scarasson, katika milima ya Alpi, bila saa wala kalenda, akikaa kando ya barafu ya chini ya ardhi na kupiga simu juu kila alipoamka na kila alipolala. Alipoambiwa kuwa muda umekwisha, yeye alikuwa amefika tarehe 20 Agosti. Nje ilikuwa tarehe 14 Septemba. Mwili wake uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko wa zaidi kidogo ya saa 24, lakini akili yake ilipoteza siku 25.

Swali: Nimesikia kwamba mgeni haruhusiwi kuingia Lascaux na kwamba anaonyeshwa nakala. Huo si udanganyifu?
*Msafiri*

Si udanganyifu, maana hakuna anayefichwa. Lascaux iligunduliwa mwaka 1940 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia mwaka 1963 ikabidi ifungwe. Pumzi za wageni zilileta joto, unyevu na hewa ya ukaa, mwani wa kijani ukaota ukutani, na chokaa nyeupe ikaanza kutanda juu ya wanyama. Nakala ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983. Chauvet haikufunguliwa kabisa kwa umma, na nakala yake ilianza kupokea wageni mwaka 2015. Ukienda, omba kuongozwa na mtu anayejua kuzungumzia mwanga, kwa sababu taa za umeme huonyesha ukuta mzima kwa mara moja, jambo ambalo mchoraji mwenyewe hakuwahi kuliona.