Je, maji ya vilindini "yanachanganyika na mawimbi"?

SWALI: Ninatafsiri makala ya sayansi ya bahari. Nimeandika hivi: "Mchanganyiko wa bahari kuu unasukuma mzunguko wa maji duniani, kwa kuwa maji ya chini yanachanganyika na mawimbi." Mhariri amesema sentensi inapotosha, lakini hakuonyesha ni wapi. Nimekagua kamusi na kila neno limo. Kosa ni lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno yako yote ni sanifu na upatanisho wa kisarufi hauna doa. Hata hivyo mhariri wako ana haki. Karibu kila neno kuu katika sentensi hiyo limekwisha kupewa kazi nyingine katika Kiswahili, na msomaji atashika maana ile aliyoizoea, siyo unayoikusudia wewe. Tuanze mwishoni, maana ndiko kuliko na kosa zito zaidi.

"Yanachanganyika na mawimbi." Kitenzi hiki kiko katika kauli ya kutendeka. Kiambishi -ik- kinamwondoa mtenda kabisa, kwa hiyo "na" inayofuata haiwezi kumtaja aliyefanya kazi. Inamtaja mwenzi. Mchanga umechanganyika na saruji. Mafuta hayachanganyiki na maji. Sentensi yako basi inasema kwamba maji ni kitu kimoja, mawimbi ni kitu cha pili, na viwili hivyo vimeungana. Ulitaka kusema mawimbi ndiyo yanayochanganya. Ukitumia kauli ya kutendwa, "yanachanganywa na mawimbi", maana inakaribia, ila hata hapo "na" ina sura mbili: "maji yamechanganywa na chumvi" haina maana kwamba chumvi ndiyo iliyofanya kazi. Katika maandishi ya sayansi mimi ningetumia kauli ya kutenda na kuwataja wote waziwazi: "mawimbi huchanganya maji ya chini na maji yaliyo juu yake." Sasa tunajua nani anachanganya, nini kinachanganywa, na kinachanganywa na nini.

Mawimbi gani, lakini? Msomaji ataona akilini mwake mawimbi yanayovunjika ufukweni, na hayo hayafiki vilindini. Yanayokusudiwa ni mawimbi ya ndani, yanayosafiri kati ya tabaka la maji mepesi na tabaka la maji yenye densiti kubwa zaidi, yaani mazito zaidi kwa ujazo ule ule, na ambayo yanaweza kuwa na kimo cha makumi ya mita huku uso wa bahari ukionekana shwari. Andika "mawimbi ya ndani" kila mara, usiseme "mawimbi" tu. Chanzo kimoja cha mawimbi hayo ni maji kujaa na kupwa: maji yanapopita kwenda na kurudi juu ya safu za milima ya sakafu ya bahari, hutikisa matabaka yaliyo juu. Hapa kuna mtego mwingine. Watafsiri wengi huita maji kujaa na kupwa "mawimbi", kisha mawimbi ya ndani nayo "mawimbi", na aya nzima inakuwa haina chanzo wala matokeo. Lugha yetu ya pwani ina msamiati kamili wa jambo hili: kujaa, kupwa, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi), maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo). Utumie. Wataalamu walipopima msukosuko wa maji karibu na sakafu ya Bonde la Brazil, katika Atlantiki ya Kusini, mnamo miaka ya 1990, waliona nguvu yake ikiongezeka na kupungua kufuatana na bamvua na maji mafu. Habari hiyo inaandikika kwa Kiswahili bila kukopa hata neno moja.

Sasa "mchanganyiko". Nomino za m-...-o zinaweza kutaja tendo, mathalani mmomonyoko wa udongo, au huo huo mzunguko. Kwa hiyo umbo si kosa. Ila matumizi yameliweka "mchanganyiko" upande wa matokeo: ni kile kinachopatikana baada ya kuchanganya, kama mchanganyiko wa saruji na kokoto. "Mchanganyiko wa bahari" unasikika kama kitu kilichomo ndani ya chombo. Kwa tendo lenyewe una njia tatu. "Uchanganyaji" humwita mtenda, hivyo unafaa pale unapomtaja: uchanganyaji unaofanywa na mawimbi ya ndani. "Uchanganyikaji" ni wa jambo linalotokea bila kumtaja mtenda, nao unafaa kuwa istilahi katika vichwa vya habari na majedwali. Ya tatu ni kitenzi-jina, "kuchanganyika kwa maji", na katika aya ya kawaida ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inasomeka bila kukwama. Epuka "kuchanganyikiwa", hilo ni la akili za watu.

Kuna neno moja zaidi ambalo hukulitaja na ambalo litakusaidia sana: kukoroga. Mwaka 1948 mwanafizikia Carl Eckart alitenganisha hatua mbili ambazo wataalamu wa bahari bado wanazitenganisha. Ukimimina rangi nyekundu ndani ya rangi nyeupe na kuzungusha kijiti mara tatu, unapata michirizi: nyekundu ipo, nyeupe ipo, na mpaka kati yao umekuwa mrefu zaidi na mkali zaidi. Hapo umekoroga. Baadaye molekuli zinavuka mpaka huo uliorefushwa, michirizi inafifia, na yote inakuwa ya waridi. Hapo zimechanganyika. Kukoroga kunaongeza tofauti za karibu karibu, kuchanganyika kunazifuta. Makala yako ikitaja hatua hizo mbili, usiziandike zote "kuchanganya". Kiswahili kilikwisha kuzitenga zamani, na hukumu ya mzungumzaji wa kawaida ("umekoroga, lakini bado haijachanganyika") inalingana barabara na ya wanasayansi.

Bila msukosuko wa kukoroga kwanza, kazi ingekuwa ndogo mno. Molekuli peke yake husambaza joto ndani ya maji kwa kipimo cha takriban sentimita ya mraba 0.0014 kwa sekunde. Mtaalamu wa bahari Walter Munk, mwaka 1966, alikokotoa kwamba ili vilindi vya Pasifiki vibaki na joto vilivyo nalo, panahitajika karibu sentimita ya mraba 1.3 kwa sekunde, yaani karibu mara 1,000 zaidi, huku maji yakipanda kwa sentimita 1.2 hivi kwa siku.

Tarakimu hiyo inatupeleka kwenye "bahari kuu". Bahari kuu ni bahari iliyo mbali na pwani. Kinyume chake ni pwani, wala si uso wa maji. Samaki anayeogelea mita 2 chini ya uso, mbali na nchi kavu, yuko bahari kuu. Unachokitaka wewe ni kilindi, wingi vilindi: mahali penye kina kirefu. (Kina chenyewe ni kipimo, kama "kina cha mita 4,000", ndiyo maana "maji ya kina" bila kivumishi yanaacha swali: kina gani?) Katika mada hii tofauti hiyo ina uzito wa kisayansi. Mwaka 1992 gesi ya kufuatilia maji iliachiliwa katika Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kina cha mita 300 hivi, na ikaonyesha kipimo cha takriban sentimita ya mraba 0.1 tu kwa sekunde, chini ya sehemu ya kumi ya kile cha Munk. Vipimo vya Bonde la Brazil vilipofuata, uchanganyikaji ulikuwa dhaifu juu ya sakafu laini na mkubwa mara nyingi zaidi juu ya miteremko yenye mabonde na vilima. Kwa hiyo bahari kuu, katikati ya maji, ndiko mara nyingi maji huchanganyika polepole. Vilindini, karibu na sakafu yenye mabonde na vilima, ndiko kwenye kazi kubwa. Ukiandika "bahari kuu" umempeleka msomaji mahali pasipohusika.

"Mzunguko wa maji" tayari ni jina la mvuke, mawingu, mvua na mito. Mwanafunzi yeyote atasoma hivyo. Ongeza neno moja tu: mzunguko wa maji ya bahari. Na kama makala inahusu sehemu inayozama na kurudi juu, siyo mikondo ya usoni, sema "mzunguko wa kushuka na kupanda", kwani mkondo mmoja mmoja ni mkondo, na mzunguko ni mfumo mzima. Katika Atlantiki, kwenye latitudo ya nyuzi 26.5 kaskazini, mzunguko huo umekuwa ukipimwa tangu 2004, na wastani wake ni kama mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde.

Linabaki "unasukuma", na hapa kosa ni la fizikia kuliko la lugha. Kuchanganyika hakusukumi kitu. Maji baridi yenye chumvi nyingi huzama kandokando ya Greenland na ya Antaktika. Kama maji yaliyotangulia kule chini hayapunguziwi densiti, vilindi vinajaa maji baridi, na yanayokuja nyuma hayana pa kwenda, mzunguko unadhoofika. Joto linaloteremka kwa kuchanganyika ndilo linaloyafanya yale ya chini kuwa mepesi kiasi cha kupanda. Nguvu yenyewe inatoka kwa upepo na kwa maji kujaa na kupwa: mwaka 1998 Munk na mtaalamu mwenzake Carl Wunsch walikadiria kwamba zinahitajika takriban terawati 2 (wati trilioni 2) kwa kazi hiyo. Basi upepo na maji kujaa na kupwa "huendesha". Kuchanganyika "hudumisha" au "huwezesha". Tena usiseme kunadumisha mzunguko wote, kwa maana katika Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, upepo huvuta maji ya vilindini hadi usoni kupitia matabaka yaliyoinama, na kuchanganyika kuna sehemu ndogo hapo.

Zingatia pia kupanda na kuibuka. Maji yanayosogea sentimita moja na kitu kwa siku ndani ya vilindi yanapanda. Kuibuka ni kutokea usoni, kama mpiga mbizi. Yale ya Bahari ya Kusini yanaibuka. Tofauti hii imekuwa muhimu zaidi tangu tafiti za 2016 zilipoonyesha kwamba, pale uchanganyikaji unapozidi kuongezeka kuelekea sakafuni, maji yaliyo juu kidogo ya sakafu huwa mazito na kushuka, na yanayopanda ni yale ya utando mwembamba unaogusa miteremko. Ukiyaita yote "kuibuka", aya hiyo haitatafsirika.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kuchanganyika kwa maji vilindini husaidia kudumisha mzunguko wa maji ya bahari, kwa kuwa mawimbi ya ndani huchanganya maji baridi ya chini na maji yenye joto zaidi yaliyo juu yake, na kuyawezesha kupanda tena." Ni ndefu kuliko ya kwanza. Ukihitaji fupi kwa kichwa cha habari, "Uchanganyikaji wa maji vilindini na mzunguko wa bahari" inatosha.