Jibu: Sabuni ya gliserini kutoa matone baada ya kuganda

Dada, matone unayoyaona juu ya sabuni zako tangu uzitoe kwenye kalibu hayaashirii kwamba zimeharibika, kwani gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewani, na kwa hewa ya Tanga nisingetarajia vinginevyo. Friji uliyotumia kuzigandishia ndiyo iliyozidisha tatizo, kwa sababu sabuni baridi ikikutana na joto la chumbani hufanya umande papo hapo. Ziache zigande zenyewe mezani, kisha uzifunge kwa nailoni ya kufunikia chakula mara tu zitakapokauka. Wakati wa kuyeyusha, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na usiruhusu sabuni ichemke, maana ikipoteza maji yake itayavuta hewani kwa pupa zaidi.