Mama anatumia morfini na amekataa kemo: je, amekata tamaa na rehema za Allah?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mama ana saratani ya matiti, imeshaingia kwenye mifupa. Madaktari wametuambia haitapona. Wanampa morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na tangu aanze analala usiku na anazungumza na wajukuu zake. Kaka yangu mkubwa anasema morfini ni kileo, na kwamba maumivu yanamfutia mama madhambi, basi avumilie. Mama amekataa pia kuongezewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Kaka anasema huko ni kukata tamaa. Tena sala nyingine zinampita akiwa usingizini. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Allah amhafifishie mama.

Kaka yako ameshika hadithi sahihi. Muislamu hapatwi na uchovu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake (Bukhari na Muslim). Lakini mwiba ukimwingia yeye mguuni, atauacha humo achume thawabu? Atauchomoa, na ujira wake hauchomoki pamoja nao. Na hakuna aliyetukabidhi kazi ya kusimamia kafara, yaani kufutiwa madhambi, ya mtu mwingine.

Kuhusu kileo, mafakihi wetu wa Kishafi tangu zamani walijuzisha kumpa mtu cha kumpoteza akili pale anapokatwa kiungo kilichooza. Morfini inayopimwa na daktari kulingana na maumivu haifikii hata huko: mama anazungumza na wajukuu, wewe mwenyewe umesema. Usingizi wa siku za mwanzo kwa wengi hupungua. Kinachobaki ni choo kigumu. Mwombeni daktari dawa yake mapema, maana wazee huona haya kulisema.

Sasa kemo. Katika maradhi aliyofia Mtume (s.a.w.), watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani. Aliwaashiria wasifanye. Wakasema: ni vile tu mgonjwa anavyochukia dawa. Alipozinduka aliwauliza, "Je, sikuwakataza?" Kisha akaamuru kila aliyekuwamo mle ndani atiwe dawa ileile, isipokuwa Abbas, kwa kuwa hakuwa nao. Amesimulia Bi Aisha, na imo katika Bukhari. Kila ninapokwenda kumzuru mgonjwa nawasikia jamaa wakisema maneno yaleyale, kwa mapenzi kabisa, na mgonjwa yupo hapo anasikiliza.

Wanazuoni wengi hawakuihesabu tiba kuwa wajibu, seuze tiba ambayo madaktari wenyewe hawatarajii iponye. Kukata tamaa ni kudhani Allah hana rehema. Mama hajasema hivyo. Amesema mwili umechoka. Kuacha kemo si kujiua, wala si kuacha kutibiwa: ataendelea na tiba shufaa, yaani kutulizwa maumivu, kuoshwa vidonda, kusaidiwa kupumua. Kilichokatazwa ni kuomba mauti kwa ajili ya dhara. Akizidiwa aseme dua tuliyofundishwa: "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu."

Sala ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Asali kwa kukaa, akishindwa alale ubavu na aashirie. Maji yakimdhuru, atayamamu. Iliyompita usingizini ataisali akiamka, hana dhambi. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa sababu ya ugonjwa si kauli mashuhuri ya madhehebu yetu, ila Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi, aliiona ina nguvu, nami ndiyo ninayowapa wagonjwa wa namna hii. Pangeni sala hizo ziangukie saa ambazo yuko macho na maumivu yametulia.

Halafu kaeni naye siku moja, wewe na kaka yako, mumuulize anachotaka: nani aje kumzuru, nani asije, alale chumba gani, wasia wake auandike nani. Kaka asianze kuzungumza mpaka mama amalize.

Wallahu a'lam.